Magita ya Unyanyembe

Kwenye stesheni ya Kaliua reli ya kati inajigawa. Mkono mmoja unaendelea magharibi kuelekea Kigoma na ziwa, mwingine unakata kusini na kupita kwenye misitu ya miombo hadi Mpanda, mwendo wa kilomita 210. Huo wa Mpanda Waingereza waliujenga mwishoni mwa miaka ya 40 wakifuata madini ya risasi. Reli ikabaki na abiria wake: wenye madebe ya asali, wenye magunia ya mahindi, wenye migebuka mikavu kutoka Ziwa Tanganyika. Na miaka ya 60 ilipofika, katika mizigo hiyo kulikuwa na kitu kilichokumbatiwa kifuani kisije kikavunjika: santuri ya inchi saba ndani ya karatasi yake.

Santuri hiyo ilipowekwa kwenye gramafoni, kilichotoka kilikuwa magita. Si ala za pwani, wala zeze la mzee chini ya mwembe. Yalikuwa magita ya umeme matatu au manne yanayosemezana, na mara nyingi waliokuwa wakiyapiga walikuwa vijana wa Tabora, mji ulio kilomita mia na kitu tu kurudi mashariki kwa reli hiyohiyo.

Historia ya muziki wa dansi wa Tanzania imezoea kuanzia Dar es Salaam. Msimuliaji anaanza na Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932, anapita Morogoro kwa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, anafika kwa Mbaraka Mwinshehe, kisha anarudi Dar kwa NUTA na Msondo. Tabora hutajwa kwa mstari mmoja, kama stesheni ambayo treni haisimami. Kuipita Tabora hivyo ni kuidhulumu, kwa sababu katika miaka ya 60 mji huo mmoja wa bara, usio na bandari wala ikulu, ulikuwa na bendi tatu zilizojulikana nchi nzima: Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz.

Miaka hiyohiyo, mbali kabisa na hapo, vijana wa Uholanzi nao walikuwa wameshika magita. The Hague ilikuwa na Q65 na Golden Earrings, Amsterdam ilikuwa na The Outsiders. Walikuwa wadogo kiumri, nywele zimewashuka masikioni, wakipiga kwa kelele na kwa haraka, kama waliokuwa wakiogopa kwamba umeme utakatika kabla wimbo haujaisha. Muziki wao ulikuwa umepita mikono mingi. Blues za Wamarekani weusi ziliwafikia kupitia kwa Waingereza, na kabla ya hapo kulikuwa na ndugu wa familia ya Tielman, waliohamia Uholanzi kutoka Indonesia na kuwaonyesha Waholanzi jinsi gita la umeme linavyoweza kuchezewa jukwaani. Uholanzi ni nchi ya bandari. Meli na redio vilileta, vijana wakapokea, wakakigeuza kile walichopokea mpaka kikawa chao.

Tabora nayo ni bandari, ila haina maji.

Richard Burton na John Speke walipofika mwaka 1857, waliikuta Kazeh ya wafanyabiashara Waarabu, ndiyo Tabora ya leo, katika nchi ya Unyanyembe. Ilikuwa njia panda ya misafara: mmoja ukitoka Bagamoyo na nguo na shanga, mwingine ukitoka Ujiji na pembe za ndovu na watumwa, mwingine ukielekea Karagwe na Buganda. Wapagazi Wanyamwezi walitembea kwa miezi na waliimba njia nzima. Mbele yao alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, na ngoma ilisikika kabla ya msafara kuonekana. Mtu aliyekuwa akienda pwani na kurudi alirudi na maneno mapya, nguo mpya na mwendo mpya wa ngoma. Miembe waliyopita chini yake bado inasimama mjini Tabora na kwenye njia ya kwenda Ujiji, na ndiyo inayomwonyesha mgeni kwamba barabara anayoiona imefuata unyayo wa zamani.

Kisha ikaja reli. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Miaka miwili baadaye, Septemba 1916, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliiteka Tabora. Vita hivyo vilihamisha maelfu ya askari na wapagazi kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na vilipokwisha, ngoma ya beni ilikuwa imeenea katika miji ya bara: tarumbeta, sare, vyeo vya kuigiza jeshi, na ushindani wa vyama vya Marini na Arinoti. Watu walijifunza hapo jambo ambalo bendi za gita zilikuja kulirithi, kwamba kikundi cha muziki ni chama. Kina mwenyekiti, kina katibu, kina michango ya wanachama, na kina mahasimu upande wa pili wa mji.

Ushindani huo ndio uliowanoa vijana wa Tabora. Mpiga solo wa bendi moja alijua kwamba Jumamosi hiyohiyo, mitaa michache kutoka hapo, kuna mwingine anayesubiri kusikia amekosea wapi.

Magita yenyewe yalifika kwa njia nyingi. Tangu miaka ya 30 santuri za muziki wa Kuba zilikuwa zikiuzwa Afrika Mashariki, na rumba ilikuwa imeingia katika masikio ya watu kabla hawajajua Kuba iko upande gani wa dunia. Baada ya mwaka 1948 zikaanza santuri za nembo ya Ngoma kutoka Léopoldville, na redio za Kongo zilisikika vizuri sana upande wa magharibi wa Tanganyika, pengine kuliko Sauti ya Dar es Salaam yenyewe. Kigoma ilikuwa ikitazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, na Wamanyema wa Ujiji na Kigoma walikuwa na ndugu pande zote mbili za maji. Wimbo uliopigwa Kongo ulivuka kwa meli, ukapanda treni, ukapita Kaliua, ukashuka Tabora. Upande wa pili, kutoka Dar, treni ilileta taarabu na dansi la pwani. Tabora ilikuwa katikati, ikisikiliza kwa masikio yote mawili.

Kiko Kids ndio walioanza kuyachanganya hayo yakasikika kama kitu kimoja. Kiongozi wao, Salum Zahoro, alikuwa na mandolini, na sauti nyembamba ya ala hiyo ndiyo iliyoitambulisha bendi. Mandolini haina mlio mrefu kama gita. Nyuzi zake ni pacha, zinapigwa mbilimbili, na ukitaka sauti idumu lazima mkono wa kulia utetemeke bila kupumzika. Zahoro aliitumia kujibu mwimbaji, akimjazia kila pengo analoliacha, kama mtu anayeitikia hadithi. Kwa aliyekulia kwenye taarabu, sauti hiyo ilikuwa ndugu wa udi. Kwa aliyekulia kwenye rumba, ilikuwa ndugu wa gita. Uhuru ulipokuja, Kiko Kids waliuimbia katika wimbo wa Tanganyika na Uhuru, na mji wao ulikuwa na haki ya kuuimba: ni Tabora, Januari 1958, ambako chama cha TANU kilikata shauri la kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, shauri ambalo lilifupisha safari ya Uhuru.

Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz walikuja na sauti kubwa zaidi. Mandolini ikapisha gita la umeme, ngoma za kizungu zikaketi pembeni ya tumba, na mabomba ya saksafoni yakaongezeka. Jina la Nyanyembe lilichukuliwa kwenye utemi wa Unyanyembe, utemi wa Isike, yule aliyepigana na Wajerumani mpaka mwisho wa ngome yake mwaka 1893. Tabora Jazz walijiita kwa jina la mji, wakauita mtindo wao Segere Matata.

Neno hilo, mtindo, linahitaji kuelezwa kidogo, kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa mapenzi ya watu kwa bendi zao. Kila bendi ilikuwa na mtindo wenye jina: Western Jazz walikuwa na Saboso, Atomic wa Tanga walikuwa na Kiweke, NUTA walikuwa na Msondo. Mtindo ulikuwa mwendo wa ngoma, ulikuwa uchezaji, na ulikuwa bendera. Mpenzi wa Segere Matata alitambuana na mwenzake kwa jinsi anavyoingia ukumbini. Bendi iliyochoka ilibadili mtindo kama nyoka anavyovua gamba, na ikitangaza mpya, watu walijaa kwenda kuuona.

Na Western Jazz hawako mbali na habari hii. Bendi hiyo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na watu waliotoka Jimbo la Magharibi, jimbo ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Mpiga solo wao Rashid Hanzuruni alikuwa miongoni mwa walioogopwa sana mjini kwa vidole vyake. Kwa hiyo hata ndani ya Dar, mmoja wa wapinzani wakubwa katika kumbi za usiku alikuwa amebeba jina la magharibi mgongoni.

Ukizisikiliza bendi hizo kwa makini, utakuta magita yamegawana kazi kama mafundi wa nyumba moja. Besi inaweka msingi, noti chache, hazikimbii. Rithim inashikilia kodi zake bila kubadilika dakika tatu nzima, kazi ya kuchosha ambayo mpigaji wake hashangiliwi na mtu yeyote, lakini akiiachia kidogo tu nyumba inaegama. Juu yake gita la pili linazunguka na kipande kifupi, kilekile, kilekile, mpaka msikilizaji anaanza kukifuata kwa miguu bila kujua. Ndipo solo inaingia. Mpiga solo mzuri wa Tabora hakuanza kwa mbio. Alianza kwa kurudia ulimi wa mwimbaji, neno kwa neno, kama anayehakikisha amesikia vizuri, akishahakikisha, anaondoka. Mwimbaji naye ananyamaza, tumba zinapanda, na sakafu ya ukumbi inaanza kulia.

Hapo ndipo sauti ya Tabora inapoachana na ya Kongo. Wakongo walipenda solo inayomeremeta juu kabisa ya shingo ya gita. Watu wa Tabora walibaki katikati, kwenye sauti nzito kidogo, karibu na sauti ya mtu anayezungumza. Waliimba Kiswahili kilichonyooka, chenye mapenzi, malalamiko na nasaha, kila neno likisikika. Rangi ya Chungwa ya Nyanyembe Jazz imedumu kwa sababu hiyo. Ni wimbo wa kumsifu mpenzi kwa rangi ya ngozi yake, jambo la kawaida kabisa, lakini sauti inaupita taratibu na magita hayaukimbizi. Dada Asha ya Tabora Jazz, wimbo wa Shem Karenga, nao ni vivyo hivyo. Karenga alikuwa mtu wa Kigoma aliyeifuata reli kuja mashariki, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya watu wa ziwa.

Kurekodi kulikuwa safari nyingine. Tanganyika, na baadaye Tanzania, haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi ya Tabora iliyotaka kusikika ilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa redio ya taifa, iliyoitwa Radio Tanzania Dar es Salaam tangu mwaka 1965: bendi inaingia studio, maikrofoni chache zinapangwa, wanamuziki wote wanapiga pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na anayekosea anawarudisha wenzake wote mwanzo. Kanda inabaki redioni, wimbo unachezwa nchi nzima, lakini dukani haupo. Mlango wa pili ulikuwa Nairobi, kwa wenye viwanda. Huko ndiko nyimbo zilikogeuka kuwa santuri, na kwa kuwa upande mmoja wa santuri ndogo unabeba dakika chache tu, wimbo mrefu wa ukumbini ulikatwa mara mbili: maneno upande wa kwanza, chemko la magita upande wa pili. Msikilizaji ilimbidi ainuke, ageuze, arudishe sindano, na dansi limsubiri.

Nembo mojawapo iliyoonekana sana katikati ya santuri za Nairobi ilikuwa ya Philips, kampuni ya Uholanzi yenye asili yake Eindhoven. Ndivyo nchi ya Q65 na nchi ya Segere Matata zilivyokutana: wanamuziki wao hawakusikilizana, ila baadhi ya redio, gramafoni na santuri walizotumia zilitoka kwa kampuni ileile.

Vijijini, kuzunguka Kaliua na Urambo, santuri ilikuwa ya wachache. Redio ndiyo iliyokuwa ya wote. Ilinunuliwa baada ya msimu wa tumbaku, mkulima akishalipwa, pamoja na baiskeli na khanga za mama watoto. Iliwekwa juu ya kiti uani, imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na majirani walikuja bila kualikwa. Betri ndizo zilizokuwa tatizo. Zikianza kuchoka, sauti ya mwimbaji ilizama kwanza, ikabaki besi inayonong'ona. Basi kesho yake betri zinatolewa, zinaanikwa juani kama mihogo, na jioni zinarudishwa zikatoe wimbo mmoja au miwili zaidi. Watoto walipewa kazi ya kuzilinda zisichukuliwe. Ndiyo maana wazee wengi wa upande huo wanazijua nyimbo hizo nusunusu: wanaujua mwanzo, wanaujua mwitikio, na sehemu ya solo wanaimalizia kwa mdomo.

Bendi nazo zilitoka. Zilisafiri kwa treni na kwa malori, vyombo vimefungwa kwa kamba, na mahali pasipo na umeme jenereta ndogo ilinguruma nje ya ukumbi, karabai zikiwaka mlangoni pa mkata tiketi. Mwenye fedha alilipa kiingilio. Asiye nazo alisimama nje, gizani, na kwa kweli huko nje ndiko wapigaji wengi wa baadaye walikojifunzia.

Serikali iliutazama muziki kwa macho mawili. Ilianzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962 na iliyapenda magita yanayoimba Kiswahili, kazi na umoja. Lakini vijana wa mjini waliotaka kupiga kama James Brown walikutana na jicho la pili. Mwishoni mwa mwaka 1968 TANU Youth League ilitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Uholanzi, wazazi walikuwa wakilalamika juu ya nywele. Dar, nguo zenyewe zilikuwa suala la taifa. Bendi za Tabora hazikuguswa sana na dhoruba hiyo. Zilikuwa tayari zimefanya kile ambacho serikali ilikuwa ikikidai: gita la kigeni lilikuwa limefundishwa Kiswahili, na halikuwa na lafudhi.

Kilichoziumiza kilikuwa kingine. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mlango wa Nairobi ukazibwa. Vita vya Uganda vikafuata, kisha miaka ya foleni za sukari na sabuni. Bendi ya chama, inayoishi kwa michango na viingilio vya mji mdogo, ilipaswa kununua nyuzi, ngozi za ngoma na spika kwa fedha za kigeni ambazo hata hospitali zilikuwa zikizitafuta. Dar kulikuwa na bendi za mashirika ya umma, zenye mishahara. Mpigaji mmoja akaondoka, na wa pili akamfuata. Karenga naye aliishia Dar, na ni huko alikolifufua jina la Tabora Jazz, mbali na mji wenyewe, hadi alipofariki Desemba 2014. Salum Zahoro alionekana tena jukwaani akiwa mzee, katika Shikamoo Jazz, bendi ya wakongwe iliyoundwa miaka ya 90 kwa msaada wa shirika la HelpAge, na walisafiri hadi Uingereza kuwapigia watu ambao hawakuwahi kuisikia Tabora.

Nyimbo zenyewe ziliokolewa na kitu kidogo cha plastiki, nacho kilitoka kwa kampuni ya Uholanzi. Mwaka 1963, katika maonyesho ya Berlin, Philips walionyesha kaseti, kazi ya kikosi cha mhandisi Lou Ottens. Ilipofika vijijini ilibadili kila kitu. Mtu aliweza kuwahi kipindi cha redio, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akainasa Dada Asha pamoja na kikohozi cha jirani. Kaseti ilinakiliwa, nakala ikanakiliwa, na kila mara magita yalizama kidogo zaidi kwenye mvumo. Kanda iliyokatika iliungwa kwa rangi ya kucha au kwa gundi, na iliyolegea ilizungushwa kwa kalamu.

Na kaseti hizo ndizo zilizobeba gita lililofuata kutoka upande huu. Mwaka 1972 wakimbizi wa Burundi walipewa makazi Ulyankulu, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Kaliua, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 wa kundi lile la mwaka 1972, wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walipewa uraia wa Tanzania. Ulyankulu ilipimwa kwa barabara zenye namba, na kutoka kwenye mojawapo ikatokea kwaya iliyosikilizwa Afrika Mashariki nzima, Kwaya ya Barabara ya 13. Waimbaji wanasimama kwa mistari, sauti nne, mikono inakwenda pamoja. Nyuma yao yupo mpiga solo. Anaanza peke yake, taratibu, katikati ya shingo ya gita, karibu na sauti ya mtu anayezungumza. Gita la pili linakuja na kipande chake kifupi cha kuzunguka, besi inaweka msingi, na ndipo kwaya inafungua kinywa.